Dawati la Mtu Mmoja

Wazazi wenzangu, na nyinyi walimu mnaopokea watoto wetu asubuhi na kuturudishia mchana, sogeeni karibu kidogo. Nina habari ya nyumba moja ya watu wawili tu, seremala na bintiye, na sitawazungusha nayo. Atakayeona nimemsema yeye, asinune. Sikumlenga mtu, ila jiwe la gizani likikupata, huna budi kulia.

Karakana ya seremala ilikuwa mbele, ikitazama barabara. Nyuma kulikuwa na chumba cha kulala na jiko, na mlango wa katikati ulikaa wazi kutwa. Mke wa seremala alifariki mtoto akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, kwa hiyo binti alikulia kwenye maranda ya mbao, akijua harufu ya gundi kabla hajajua herufi hata moja. Naye alijaliwa mdomo. Mteja aliyekuja kuulizia kitanda alisimuliwa kwanza habari ya paka wa jirani, kisha habari ya jino lililolegea, ndipo aruhusiwe kutaja futi za kitanda chake. Baba yake alimwita Chiriku na hakuwahi kumwambia anyamaze. Yeye mwenyewe hakuwa msemaji. Penseli ilikaa sikioni, misumari mdomoni, na ukimuuliza jambo alikujibu kwa kichwa. Basi baba alifanya kazi, mtoto aliongea, na jioni zao zilikuwa njema.

Chiriku alipoanza shule alipata mwalimu wa kumfaa. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya chini, na hakutumia nguvu kuziba mdomo ule. Aliupa kazi. Kila asubuhi kabla ya somo alimsimamisha Chiriku mbele awasimulie wenzake jambo moja aliloliona jana, kisha akamwambia, haya, umeshatoa, sasa pokea. Na mtoto alipokea. Nyumbani ikawa ni mwalimu kasema hivi, mwalimu kafanya vile, hadi seremala akaona wivu kidogo, wivu wa kuchekesha, maana hata namna ya kushika ufagio alisahihishwa kwa jina la mwalimu.

Mwaka ukaisha. Darasa la pili lilikuwa limefurika watoto, na mwalimu wake alikuwa binti mgeni kazini ambaye ikifika saa sita sauti ilikuwa imeshamkauka. Sitaki mumwone mbaya, kwa sababu hakuwa mbaya. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hutafuta njia ya mkato kama sisi sote. Alimhamisha Chiriku huku na huku, lakini kila alipomweka, mtoto alipata rafiki na maneno yakaanza upya. Mwishowe alimwita seremala.

"Fundi, mtoto wako akili anazo. Tatizo anaongea na kila ninayemkalisha naye. Kwa nini usimtengenezee dawati la mtu mmoja? Kwa mikono yako hiyo, nani wa kukushinda?"

Mnajua kilemba cha ukoka kinavyovishwa mtu. Seremala alirudi nyumbani kichwa juu. Katika shule ambayo watoto walibanana watatu watatu, wengine wakiandikia mapajani, mwanawe angekuwa na dawati lake peke yake. Alilichukulia jambo lile kuwa heshima. Alitoa mbao ngumu alizokuwa ameziweka akiba, akazipiga randa, akazungusha pembe zote zisije zikamchania sare, akaweka na kijisanduku chenye mfuniko cha kuhifadhia vitabu. Chiriku alisugua msasa kwa mikono yake, akiimba. Walilipaka vanishi mara mbili, likang'aa. Hivyo ndivyo balaa lilivyotengenezwa, tena kwa upendo mtupu, na baba akalibeba begani hadi shuleni akisalimia watu njiani.

Shule ile ilikuwa na utaratibu wake. Madawati yalikuwa haba, kwa hiyo mzazi akileta dawati, lilihesabika kuwa la mtoto wake, na mtoto akipanda darasa alipanda nalo. Utaratibu mzuri tu, nani angeubishia. Lakini Chiriku alipoingia darasa la tatu, dawati lilitangulia mlangoni likiwa limebebwa na wavulana wawili, na mwalimu mpya kabla hajauliza mtoto anaitwa nani, aliuliza kwa nini anakaa peke yake. Akajibiwa na darasa zima kwa pamoja kwamba huyo ni msumbufu. Mwalimu akatikisa kichwa na kuonyesha mahali pa kuliweka, nyuma kidogo. Mwaka uliofuata likawekwa nyuma zaidi. Uliofuata tena likaishia pembeni, nyuma ya kabati la vitabu, limeelekezwa ukutani. Watoto, ambao kwa kutunga majina hawajambo, wakaacha kumwita Chiriku. Walimwita Kisiwa.

Seremala hakuyajua haya. Mikutano ya wazazi ilifanyika uwanjani, na yeye si mtu wa kuchungulia madarasa. Kichwani mwake dawati lilikuwa palepale alipoliacha, mbele, karibu na ubao, mwanawe amekaa raha mustarehe.

Sasa tazameni linavyokwenda jambo kama hili, maana haliendi kwa siku moja. Mwanzoni Kisiwa alikuwa akimgusa mwenzake kwa ncha ya penseli anapopita, ageuke tu, waonane uso. Akakemewa. Akagundua kwamba mwalimu anapomkemea, walau anamtazama. Basi akaanza kutafuta kukemewa. Alificha kalamu za wenzake, kisha akazivunja. Alijibu kwa jeuri. Alitoroka kipindi akajifungia chooni. Siku moja alimsukuma msichana kwenye ngazi, msichana akapasuka mdomo, damu ikamwagika kwenye sare. Walimu walisema sikio la kufa halisikii dawa. Mimi nauliza, ndugu zangu, ni dawa gani aliyopewa akaikataa? Katika miaka yote ile hakuna mwalimu aliyekaa naye akamuuliza una nini. Kila mmoja alimpokea kutoka kwa mwenzake pamoja na sifa zake, na kila mmoja aliona sifa zile ni za kweli, kwa sababu kufikia hapo zilikuwa za kweli.

Na nyumbani? Nyumbani palikuwa na mbao za kutosha, na baba aliyeitwa shuleni mara kwa mara akaona aibu. Jirani yake, fundi cherehani, alimwambia mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Seremala akachapa. Hakuwa amezoea kuchapa, lakini alichapa, kila alipoitwa. Binti hakulia. Alisimama tu akingoja kichapo kiishe, kisha akaingia ndani na kufunga ule mlango wa katikati.

Maneno yalimwisha mtoto yule. Wateja waliingia na kutoka bila kusimuliwa chochote, na wengine wakadhani binti wa fundi amepelekwa kwa ndugu. Wakati wa kula alichukua sahani yake akakaa kwenye kigoda, uso ukutani, mgongo kwa baba yake. Seremala aliuona ule mgongo siku baada ya siku na uliuma moyo wake, lakini alijiambia ni ukubwa unaingia, wasichana ndivyo walivyo. Hakuwa na wa kumuuliza. Jioni ilisikika randa peke yake, na ikinyamaza randa, hapakusikika kitu.

Binti alipokaribia kuingia darasa la sita, mwalimu mkuu alimwita seremala ofisini. Alimwambia kwa upole wa mtu aliyekwisha kata shauri kwamba mtoto amerefuka, magoti hayaingii tena chini ya dawati, na fujo zimezidi. Ama baba atengeneze dawati jingine kubwa ili wamtenge vizuri, ama amchukue binti yake akamtafutie kwingine. Alisisitiza kwamba hiyo ni nafasi ya mwisho.

Seremala aliitikia kwa kichwa. Kwa kuwa fundi mwenye kujiheshimu hapimi kwa kukisia, alirudi Jumamosi na futi yake mfukoni, shule ikiwa tupu, mlinzi akamfungulia darasa. Alitazama mbele, karibu na ubao, hakuliona dawati. Akatazama katikati. Mlinzi ndiye aliyemwelekeza kwa kidole, pale nyuma ya kabati. Vanishi ilikuwa imechubuka na mfuniko wa kijisanduku umeng'oka. Seremala alijikunja akakaa ili apime nafasi ya magoti, na alipoinua macho alikuta ukuta. Ubao hauonekani ukiwa pale. Mwalimu haonekani, wala mtoto mwenzako. Kwenye rangi ya ukuta, usawa wa uso wa mtoto aliyeinama, palikuwa na doa jeusi la mafuta, mahali ambapo paji la uso lilikuwa likiegemea.

Aliweka kidole kwenye lile doa. Kisha akalia, nami siwafichi, mtu mzima mwenye mvi, amebanwa kwenye dawati alilolitengeneza mwenyewe kwa mbao zake nzuri kuliko zote. Mlinzi akatoka nje akamwachia nafasi.

Jumatatu alikwenda kwa mwalimu mkuu, akamkuta chumba cha walimu akinywa chai na wenzake, na kwa mara ya kwanza hakungoja kuulizwa.

"Mwalimu, dawati sitengenezi. Naomba mwanangu akae na wenzake."

"Akae wapi, fundi? Mwalimu gani atakubali?"

Walimu wakatazama vikombe vyao. Wengine walikuwa wamemfundisha, wengine wamesikia tu, na kusikia kulitosha. Aliyesema ni yule ambaye hakuna aliyemtarajia, mwalimu wa hesabu, mwanamume mkavu asiyecheka, ambaye watoto walimwita Nukta kwa sababu akishasema hapaongezwi neno. Alisema darasa la sita ndilo lake, na atamchukua. Kwa nini alikubali, hakuwahi kueleza, nami sitamtungia sababu.

Msidhani Nukta alimbembeleza. Alimkalisha kwenye dawati la watatu, katikati, na kila asubuhi alisimama mlangoni wanafunzi wakiingia. Akifika binti, alimwita kwa jina lake la kweli, lile alilopewa na wazazi wake, akamuuliza, "Umeamkaje?" Kisha akangoja. Binti hakujibu. Foleni ya nyuma iliguna, yeye akangoja tu, hata akaona inatosha ndipo akampisha. Kesho yake vilevile. Binti alipiga wenziwe viwiko na mmoja wao akaja kushtaki analia. Nukta alimpa adhabu ileile ambayo angempa mwingine yeyote, kufuta ubao wiki nzima, lakini hakumwondoa kwenye dawati lile. Na asubuhi alikuwa mlangoni, anauliza, bila kinyongo cha jana.

Hilo ndilo lililomchanganya binti. Alikuwa amezoea kwamba ukikosa, unasogezwa mbali kidogo. Akaona amjaribu mwalimu huyu ajue mwisho wake uko wapi. Akaokota jiwe wakati wa mapumziko, akavunja kioo cha dirisha la darasa mchana kweupe, watu wakiona.

Nukta alimpeleka karakana mwenyewe, bila kumshika mkono wala kumsemesha njiani. Seremala aliposikia kisa, mkono ulikwenda wenyewe kwenye ubapa wa mbao.

"Weka chini hiyo, fundi," alisema Nukta. "Amevunja kioo, ataweka kioo. Mfundishe."

"Mwalimu, huyu amezidi."

"Amezidi, ndiyo. Na kesho nitamsubiri mlangoni."

Binti, ambaye alikuwa anatazama sakafu, aliinua uso. "Hata kesho?"

"Hata kesho."

Seremala aliweka ubapa chini. Mchana ule baba na binti walikwenda pamoja shuleni, wakang'oa vipande vilivyobaki, wakapima, wakaweka kioo kipya na kukibana kwa vijiti vya mbao. Hawakuongea zaidi ya nipe nyundo na shika hapa. Lakini walifanya kazi mikono ikigusana, na seremala alitamani dirisha lile lingekuwa kubwa zaidi.

Ilichukua muda. Ndipo siku moja, bila kutarajiwa, binti alijibu mlangoni, "Nimeamka," akapita. Baadaye ikawa nimeamka salama. Kuna asubuhi alisema nimeamka vibaya, na Nukta akamwambia pole, ingia. Viwiko vilipungua. Msichana wa kushoto kwake alimwazima rula, akairudisha nzima. Hakugeuka malaika, kwanza malaika hawasomi darasa la sita, lakini seremala alipitisha majuma mengi bila kuitwa, na nyumbani mlango wa katikati ulianza kuachwa nusu wazi.

Halafu Nukta akahamishwa. Walimu huhamishwa, ndiyo kazi yao, na haikuwa hiari yake. Aliliambia darasa kwa maneno machache kama kawaida yake, akapita kwenye madawati akimpa kila mtoto mkono. Binti alificha wake nyuma ya mgongo. Kabla ya kengele ya mwisho alikuwa amechana daftari la yule msichana wa rula na kumtukana mwalimu wa zamu.

Alirudi nyumbani akakaa kwenye kigoda, uso ukutani. Seremala alisimama nyuma yake na hofu yote ya miaka ile ikamrudia. Alijua kabisa kwamba akimpoteza safari hii, hampati tena. Akasema lisilo na maana, kwamba walimu wengine watakuja.

"Nani ataniuliza nimeamkaje?" alisema binti, akiongea na ukuta.

Aibu ilimwingia seremala hadi kwenye mifupa. Wao wawili walikuwa wakiamka nyumba moja kila siku ya Mungu. Alikuwa amemlisha, amemvisha, amemchapa. Kumuuliza hakuwahi.

Asubuhi alisimama kwenye mlango wa katikati, akatema misumari mkononi. "Umeamkaje, mwanangu?" Sauti yake mwenyewe ilimshangaza. Binti alimtazama juu hadi chini, akampita bila neno. Seremala alikumbuka Nukta alivyosema atamsubiri mlangoni hata kesho, naye akaamua atangoja. Aliuliza kesho yake, na siku iliyofuata, na Jumapili. Siku alipofika mwalimu mpya, dada mmoja mwembamba mwenye mzigo wa madaftari, seremala alimwahi getini kabla hajafika chumba cha walimu.

"Mwalimu, nina ombi moja. Watakwambia mengi kuhusu binti yangu, na si ya uongo. Ila muulize yeye kwanza, ndipo uwaulize wao."

Yule dada alisema hawezi kuahidi makubwa, ila hilo la kuuliza ataliweza. Na aliliweza, siku nyingine vizuri, siku nyingine akasahau. Binti naye siku nyingine alitulia, siku nyingine akaharibu, baba akaitwa, akaenda mikono mitupu, asichape tena.

Ikaja asubuhi moja mteja alipowahi kuja, mtu mwenye haraka zake, anataka milango yake jana si leo. Seremala alikuwa ameinamia randa, jasho linamtoka, mteja anamsimamia kichwani. Binti alitokea na begi lake, akafika mlango wa katikati, akasimama. Randa ikaenda, ikarudi. Mteja akatazama saa. Binti hakusogea.

"Baba," alisema, "leo hujaniuliza."

Seremala aliacha randa katikati ya ubao. Alijifuta mikono, akamgeukia.

"Umeamkaje, mama?"

"Nimeamka na ndoto mbaya. Kaa nikusimulie."

Baba akavuta gogo, akakaa. Mteja akaambiwa angoje, akangoja.

MAFUNZO YA HADITHI HII

Mtoto msumbufu hazaliwi akiwa hivyo, haharibiki siku moja na hatengenei siku moja. Kila mwaka anapokezwa mwalimu mpya, na kila mwalimu ama anamsogeza karibu ama anamsogeza mbali kidogo. Mbali kidogo ya miaka minne ni mbali sana. Enyi walimu, mnaporithishana watoto, msirithishane majina yao mabaya. Mtoto akikosa aadhibiwe, lakini akute kesho bado mpo mlangoni mnamngoja, kwa maana mtoto hamtii mtu ambaye ameshamkatia tamaa.

Nasi wazazi tusijitie usafi. Dawati lile halikutengenezwa na mwalimu. Lilitengenezwa na baba aliyependa sifa ya kazi yake akasahau kwenda kuangalia linakaa wapi. Nendeni mkaone watoto wenu wanakalishwa wapi. Na kabla hujaenda, kesho asubuhi, muulize wako ameamkaje. Asipojibu, usiondoke.